Chipu maalumu au kadi za grafiki: kabla ya kununua mashini ya kuchimba Bitcoin, angalia kwanza bei ya umeme

Karibu na kituo cha umeme cha Luviro, katika wilaya ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilipanga makontena yaliyojaa mashini za kuchimba Bitcoin. Kazi hiyo ilianza mwezi wa tisa 2020. Hifadhi ilikuwa katika hali ngumu. Mwaka 2018 ilifungia watalii milango baada ya Waingereza wawili kutekwa nyara na mlinzi mmoja kuuawa, kisha ikaja Ebola, kisha korona. Makuta ya utalii yalikauka, lakini mto uliendelea kutiririka, na sehemu ya umeme wake ilikuwa bado haina mnunuzi. Mkurugenzi Emmanuel de Merode alikubaliana na Mfaransa Sébastien Gouspillou, mwenye kampuni inayofanya biashara hiyo, na mashini zikapandishwa mlimani.

Tangu habari hiyo ienee, vijana wengi wa Goma, Butembo na Bukavu wanauliza swali moja: kama Virunga wanapata, mimi nishindwe kwa nini? Na wauzaji wa mashini hawakosi jibu. Huyu anakwambia nunua kadi za grafiki, zile za kompyuta za michezo. Mwingine anakwambia kadi zimepitwa na wakati, nunua chipu maalumu, ile inayoitwa ASIC. Bei inayotajwa ni mamia ya dola, mara nyingine maelfu. Kwa familia nyingi za kwetu hayo ni makuta ya shule ya miaka kadhaa, au kiwanja. Kwa hiyo tulitazame jambo lenyewe kwa hesabu, bila kuogopa namba.

Tuanze na neno "kuchimba", maana ndilo linalopoteza wengi. Hapa hakuna koleo wala shimo. Mashini inabahatisha namba, mabilioni kwa mabilioni kila sekunde, mpaka mmoja kati ya wachimbaji wa dunia nzima aangukie jibu linalokubaliwa na mtandao wa Bitcoin. Takriban kila dakika 10 anapatikana mshindi. Zawadi yake, tangu mwezi wa nne 2024, ni Bitcoin 3.125. Kabla ya hapo ilikuwa 6.25, na mwanzoni kabisa, mwaka 2009, ilikuwa 50. Inakatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi.

Kuna kitu kimoja ambacho muuzaji hakwambii. Kule Rubaya wakreseri wakiongezeka, magunia ya koltani nayo yanaongezeka. Kwa Bitcoin sivyo. Kila baada ya majuma mawili hivi mtandao unapima nguvu ya mashini zote duniani, na kama zimeongezeka, swali linafanywa gumu zaidi ili jibu liendelee kupatikana kila dakika 10. Gunia linabaki lile lile, watu wa kuligawana ndio wanaongezeka. Ukinunua mashini leo, sehemu yako inapungua kila mara kiwanda cha China kinapotoa mashini yenye nguvu zaidi, hata kama ya kwako haijaharibika.

Katika mwaka wa kwanza kompyuta ya kawaida ilitosha. Mwaka 2010 watu wakagundua kwamba kadi ya grafiki inafanya kazi hiyo haraka zaidi sana. Kadi hiyo ilitengenezwa kwa kuchora picha za michezo, na ndani yake kuna vifaa vidogo vingi vinavyofanya hesabu nyepesi zote kwa wakati mmoja, kama kundi la wanawake wanaotwanga mahali pamoja, kila mmoja na kinu chake. Kompyuta ya kawaida ni kama fundi mmoja mwenye akili nyingi, lakini ana mikono miwili tu.

Kisha, mwanzoni mwa 2013, zikaanza kuuzwa mashini zenye chipu zilizotengenezwa kwa hesabu moja tu: ile ya Bitcoin. Hazichori, haziandiki, hazifungui video. Fikiria mashini ya kusaga mihogo. Inasaga kuliko mtu yeyote, lakini usiiombe ikate nyama.

Tofauti ya nguvu kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua Antminer S19 Pro, mashini ya kampuni ya China Bitmain iliyotoka 2020. Inajaribu namba trilioni 110 kwa sekunde na inakula wati 3,250. Mwaka huo huo ilitoka kadi ya Nvidia RTX 3080, moja ya kadi kali za wakati wake, inayokula wati 320. Hata tukiihurumia na kuipa namba bilioni 5 za Bitcoin kwa sekunde, unahitaji kadi 22,000 kufikia mashini moja ya chipu maalumu. Na kadi 22,000 zinakula megawati 7. Kituo cha Matebe, kinacholisha Goma na Rutshuru, kina megawati 13.6. Yaani ungetumia nusu ya Matebe kufanya kazi ambayo sanduku moja linaifanya kwa umeme wa pasi tatu za nguo.

Basi kwa Bitcoin yenyewe hakuna mashindano. Anayekuuzia kadi ya grafiki kwa kuchimba Bitcoin anakudanganya, au amedanganywa kabla yako.

Sasa kwa nini kadi ziliendelea kutajwa miaka yote hiyo? Ni kwa sababu ya sarafu nyingine, hasa Ethereum. Waanzilishi wake waliweka makusudi hesabu inayotumia kumbukumbu nyingi ya mashini, ili chipu maalumu zisipate nafasi kubwa na mtu wa kawaida mwenye kadi mbili tatu aendelee kushiriki. Ilifaulu kwa sehemu. Kati ya 2017 na 2022 kadi zilinunuliwa mpaka vijana wa Ulaya na Marekani waliotaka kucheza michezo walizikosa madukani. Mwezi wa pili 2021 Nvidia ilifika hatua ya kuifunga kadi yake moja, RTX 3060, ili isichimbe Ethereum kwa nguvu zote, ibakie ya wachezaji.

Kisha ikaja tarehe 15 mwezi wa tisa 2022. Siku hiyo Ethereum iliacha kabisa mtindo wa kuchimba. Tangu siku hiyo wanaothibitisha malipo ni wenye sarafu wanaoziweka rehani, na mashini zinazoshindana kwa hesabu hazina tena kazi kwake. Waendeshaji wake walisema matumizi ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa wenye kadi, kazi iliisha kati ya saa moja na nyingine. Wengine walihamia sarafu ndogo kama Ethereum Classic na Ravencoin, lakini watu walikuwa wengi na mkate mdogo. Soko la mitumba likajaa kadi.

Hapo hapo ndipo kadi inaonyesha uzuri wake. Waliopata hasara 2022 walibaki na kitu mkononi. Kadi ya grafiki ya mitumba inaweza kwenda kwa kijana anayetengeneza video za harusi pale Himbi au Katindo, kwa mchoraji wa ramani za nyumba, kwa mwanafunzi anayejifunza akili bandia. Thamani yake inashuka, ndiyo, lakini haifi siku moja na sarafu. (Uikague kwanza: kadi iliyochimba miaka miwili usiku na mchana inaweza kuwa na feni zilizochoka.)

Chipu maalumu haina maisha ya pili. Tuchukue Antminer S9 ya 2016, mashini iliyotawala soko kwa miaka. Inajaribu namba trilioni 13.5 kwa sekunde na kula wati 1,300 hivi. Mashini za S21, zilizofuata baadaye, zinafanya trilioni 200 kwa wati 3,500. Kwa kila kazi moja S9 inakula umeme zaidi ya mara tano. Haijavunjika, taa zake zinawaka vizuri, lakini katika sehemu nyingi za dunia kuiwasha ni kuchoma makuta. Na hizi ndizo zinazoonekana rahisi kwenye matangazo ya mitumba.

Tufanye hesabu ya siku moja, na kila msomaji aweke bei yake mahali pa yangu. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao mzima wa Bitcoin ilifika karibu trilioni mara bilioni moja kwa sekunde. Bitcoin mpya zinazotoka ni 450 hivi kwa siku. Tuseme Bitcoin moja ni dola 100,000, kwa hesabu nyepesi tu, maana bei yenyewe haitulii. Mashini ya S19 Pro ingeingiza karibu dola 5 kwa siku. Umeme wake wa siku ni kilowati-saa 78. Kama unalipa senti 20 za dola kwa kila moja, umelipa dola 15 na senti 60. Umepata hasara ya dola zaidi ya 10 kabla hujala. Kama unalipa senti 5, umelipa dola 3 na senti 90, na umebaki na dola moja.

S21 mpya kabisa, kwa hesabu ile ile, inaingiza dola 9. Kwa senti 20 inakula umeme wa karibu dola 17. Hata yenyewe inapoteza. Kwa senti 5 inabakiza karibu dola 5, na hapo hujahesabu bei ya kuinunua, ushuru wa mpakani na usafiri. Ile S9 inaingiza senti 60 hivi; hata ukipewa umeme kwa senti 5 bado unalipa dola moja na nusu.

Kwa hiyo ubishi wa chipu na kadi, kwa mtu anayelipia umeme wa mjini, ni ubishi wa pembeni. Mashini bora kuliko zote inakula hasara kwenye umeme wa bei ya nyumbani. Na mwenye kutegemea grupe ya mazuti asihangaike hata kufungua kikokotoo.

Tena umeme wenyewe lazima usikatike. Mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipofika Goma, laini ziliharibika na mji ukakaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Mashini iliyozimwa haiwekewi akiba na mtandao. Wengine wanaendelea kuchimba na sehemu yako wanagawana. Ongeza vumbi la mawe ya volkano ambalo kila mkaaji wa Goma analijua, na mashini hizi zinavuta hewa kwa feni kali mchana na usiku. Kelele yake ni desibeli 75 hivi, kama barabara yenye magari mengi ndani ya chumba chako. Majirani watakuja kukuona.

Ukiisha kuona hesabu hii, unaelewa kwa nini Luviro iliwezekana na sebule yako haiwezekani. Pale mwenye mashini yuko kwenye mdomo wa turbini. Kituo kina megawati 14 na nusu hivi. Sehemu ya umeme isiyouzwa ingepotea na maji, kwa hiyo hata bei ndogo ni faida. Na pale walichagua chipu maalumu, si kadi, kwa sababu pale swali la maisha ya pili ya mashini ni dogo mbele ya swali la kupata sarafu nyingi kwa kila kilowati.

Kuna jambo la Luviro ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo kwangu ndilo la maana zaidi. Kwa mujibu wa mpangilio ulioelezwa hadharani mwanzoni mwa 2023, kati ya makontena 10, hifadhi ilimiliki 3 tu. Mengine 7 yalikuwa ya Gouspillou, anayelipa hifadhi bei ya umeme. Tazama maana yake. Kwenye yale 7, hatari ya mashini kuzeeka na bei ya Bitcoin kuanguka ilikuwa ya mgeni. Na bei kweli ilianguka: kutoka karibu dola 69,000 mwezi wa kumi na moja 2021 mpaka chini ya dola 16,000 mwaka mmoja baadaye. Kampuni kubwa ya uchimbaji ya Marekani, Core Scientific, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi wa kumi na mbili 2022. Mwenye kuuza umeme alikuwa na kiti kizuri kuliko mwenye kununua mashini. Kijana wetu anayetaka kuiga Virunga anaiga upande wa mgeni, bila bei ya umeme ya mgeni.

Mtindo huu haupo kwetu peke yetu. Nchini Kenya kampuni ya Gridless imeweka mashini kwenye vituo vidogo vya maji vijijini, ikinunua umeme ambao kijiji hakijaumaliza. Ethiopia nayo iliuzia wachimbaji wa kigeni umeme wake wa mabwawa, wengi wakitoka China ambako serikali ilipiga marufuku kazi hii mwaka 2021. Kote huko ni chipu maalumu, na kote huko biashara inasimama juu ya umeme ambao kwa sasa hauna mwingine wa kuutumia.

"Kwa sasa" ndiyo maneno ya kushikilia. Umeme wa Luviro hauna mnunuzi kwa sababu nyaya hazijafika, si kwa sababu watu hawauhitaji. Katika miji ya Lubero grupe bado zinanguruma, mashini za kusaga zinakunywa mazuti, vituo vya afya vinahesabu masaa ya mwangaza. Wanaotetea mradi wanasema makuta ya Bitcoin yanasaidia kulipa walinzi na kuendeleza kituo mpaka wateja waunganishwe. Ni hoja ya kweli, na mimi naikubali kwa sehemu: turbini inayosubiri wateja bila kuingiza chochote inafika kuharibika. Lakini mchimbaji ni mteja mzuri mno kwa muuzaji. Analipa usiku na mchana, hahitaji nyaya za kilometa 50, haandamani. Vita navyo vimefanya kazi ya kuvuta nyaya kuwa ngumu zaidi. Mwisho wa mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23 na mapigano yakasogea ndani ya Lubero. Katika hali hiyo ni rahisi mteja wa muda akageuka wa kudumu. Hapa chipu maalumu ina faida moja ya ajabu kwa wananchi: inazeeka haraka. Kila baada ya miaka mitatu au minne lazima mtu aamue kununua mpya, na siku hiyo swali la nani apewe umeme linaweza kuulizwa upya, kama kuna wa kuuliza. Viongozi wa Lubero na mashirika ya raia wangeweza kudai tangu leo kwamba mkataba wa umeme wa wachimbaji uwekwe wazi, na uandikwe ndani kwamba laini ya kijiji ikifika, kontena linazimwa.

Tukirudi kwa mwenye makuta yake mfukoni: kwa bei ya umeme wa mji, usinunue chipu maalumu, iwe mpya au ya mitumba. Kama umeshaamua kutumia dola kwa mashini, kadi ya grafiki ndiyo inaweza kukulisha, lakini kwa kazi ya video, michoro au mafunzo, na wateja wako wawe hapa hapa mtaani. Na programu ya simu inayokuahidi kuchimba Bitcoin ukiwa umelala haichimbi kitu. Simu haina nguvu hiyo. Umeona wenyewe kadi 22,000 zinatafuta nini. Wengi wa aina hiyo wanasubiri ulipe "ada ya kutoa", au uwaletee marafiki zako walipe.

Na yule ambaye hata hivyo anakwenda kukagua mashini kwa muuzaji, aende na fundi mwenye kipimo cha wati. Mashini iwashwe saa nzima, si dakika tano. Asome kwenye skrini inajaribu trilioni ngapi kwa sekunde na kwenye kipimo inakula wati ngapi, azidishe wati kwa masaa 24, kisha aweke pembeni risiti yake ya mwisho ya umeme.